Mandhari ya gumzo huiona wewe peke yako

Kwenye matatu za Umoja na kwa mafundi simu wa Luthuli Avenue, Nairobi, bado nasikia onyo hili: ukiweka picha ya mpenzi wako iwe mandhari, yaani picha ya nyuma ya ujumbe, ya gumzo la WhatsApp, unayeandikiana naye ataiona. Hataiona. Mandhari hukaa kwenye simu yako, kama pazia la chumbani. Hata uwezo wa kuwekea kila gumzo mandhari yake, ulioletwa Desemba 2020, haukubadilisha hilo.

Nadhani hofu imetokana na Messenger ya Facebook, ambako ukibadilisha mandhari, gumzo hubadilika kwenu nyote wawili.

Picha ya wasifu ndiyo huonekana na wengine. Ingia mipangilio ya faragha uchague nani aione. Picha ya mtoto wako mchanga, mama, iweke kwenye mandhari bila wasiwasi.