Kumngoja Mungu si kukaa bure

Wakristo wengi hulishika andiko la Yeremia 29:11, linalosema kwamba Mungu anawawazia watu wake mawazo ya amani, kana kwamba ni ahadi ya jibu la haraka, na jibu linapochelewa hudhani kuwa imani yao imepungua. Dhana hiyo inawaumiza waumini bila sababu, kwa maana maneno hayo yamo katika barua ambayo nabii Yeremia aliwapelekea Wayahudi waliohamishiwa Babeli mwaka 597 KK, na aya inayotangulia inasema wazi kwamba wangerejeshwa baada ya miaka 70. Wengi wa watu wazima walioisikia barua ile wasingeiona siku hiyo. Aliyeahidi haraka alikuwa nabii Hanania, ambaye katika sura ya 28 alitangaza kuwa nira ya Babeli ingevunjwa ndani ya miaka miwili, na Yeremia akamwambia kwamba amewatumainisha watu uongo.

Wala kungoja huko hakukuwa kukaa bure. Waliagizwa wajenge nyumba, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuozesha, tena wauombee amani mji uleule walikopelekwa mateka, agizo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Pumziko la anayemtumaini Mungu, basi, halitokani na kujua tarehe ya jibu. Aliyekwisha kumkabidhi Mungu majira anaweza kulima, kulea watoto, kwenda hospitali kutibiwa, na hata kulia katika maombi kama zaburi nyingi zinavyolia, bila kuhesabiwa kuwa amekosa saburi.