Sevisi ya boila si cheti cha gesi

Kila baridi inapobisha hodi, Waswahili tulioko Uingereza hukumbuka kwamba nyumba zetu zina boila, na kila mwaka nasikia kauli ileile: "Boila yangu imeshafanyiwa sevisi, cheti kiko kwenye droo." Mwaka huu nimeisikia kwa shangazi yangu, ambaye amepanga, mara mbili katika simu moja. Kwenye simu nilinyamaza kwa heshima. Hapa sinyamazi.

Kwa ufupi, sevisi ni matunzo ya mara moja kwa mwaka ya mashine inayopasha maji ya bombani na ya kwenye rejeta zinazotia joto vyumbani. Hufanywa na fundi aliyesajiliwa na Gas Safe Register, daftari rasmi la mafundi wa gesi, kwa kufuata maelekezo ya kiwanda, tena boila ikiwa nzima. Maana yake haizidi hapo.

Vurugu imeanzia kwenye neno lenyewe. Asili yake ni Kilatini, servus, yaani mtumwa. Likapita kwa Wafaransa, likakaa kwa Waingereza, kisha likatuingilia kwa milango miwili. Mlango wa ofisini lilitafsiriwa, likawa huduma, neno tulilolipata kwa Waarabu, khidma, na ambalo ni ndugu wa hadimu, mtumishi, mpaka leo liko katika jina la Wahadimu wa Unguja. Kwa hiyo Mrumi na Mwarabu, bila kushauriana, walianzia kwa mtu yuleyule anayemtumikia mwenzake. Mlango wa pili ni wa gereji. Huko hakuna aliyekaa kutafsiri. Neno liliingia na grisi mikononi, likawa sevisi, na kila dereva akajua maana yake: kumwaga oili, kubadili filta, kusikiliza injini kabla haijalalamika. Ndiyo sababu kipeperushi kinachotangaza "huduma ya kila mwaka ya boila" hakimwambii mtu kitu. Huduma inaweza kuwa ya benki, hata ya mazishi. Mimi sioni haya kuandika sevisi.

(Boila nayo inadanganya kwa jina. Ni neno la kuchemka, na mzizi wake wa Kilatini ni povu la maji, lakini boila ya nyumbani siku hizi haichemshi. Inapasha tu. Maji yakianza kuchemka humo ndani, hiyo ni hitilafu.)

Sasa kile kilicho kwenye droo. Kanuni za usalama wa gesi za mwaka 1998 zinamtaka mwenye nyumba anayepangisha akaguliwe vifaa vyake vya gesi kila baada ya miezi 12, na mpangaji apewe nakala ndani ya siku 28. Karatasi hiyo wengi wanaiita CP12. Hiyo C ilikuwa ya CORGI, daftari la zamani la mafundi wa gesi, lililoipisha Gas Safe tarehe 1 Aprili 2009. Watu bado wanasema "fundi wa Kogi", kama sisi tunavyosema Kolgeti huku mswakini kuna dawa ya meno ya kampuni nyingine kabisa.

Ukaguzi huo una maswali machache: moshi unatoka nje sawasawa? Hewa ya kuchomea inatosha? Gesi inaingia kwa presha au kiasi kinachotakiwa? Vifaa vya usalama vinafanya kazi? Hakuna swali linalouliza kama kichomeo kina masizi, au kama mtego wa maji ya mvuke, yaani kile kikombe kinachonasa maji ya moshi uliopoa, umejaa tope. Boila inaweza kufaulu ukaguzi miaka mitatu mfululizo bila mtu kuisafisha. Wenye magari Tanzania wanalielewa hili vizuri: stika ya ukaguzi ya Nenda kwa Usalama ya trafiki haijawahi kubadilisha oili ya gari lolote.

Na wapo wanaokosea upande wa pili, wanaosubiri boila izime Januari ndipo waite "mtu wa sevisi". Huyo wanayemtaka ni wa matengenezo, na bei yake ni nyingine. Anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe sheria haimlazimishi sevisi wala cheti, ila asome waranti yake. Nyingi zinakufa mwaka unaoruka bila sevisi.

Siku yenyewe ikifika, toa kwanza fagio, ndoo na mifuko uliyoijaza kwenye kabati la boila. Fundi akifika omba kitambulisho chake, ukigeuze: nyuma ndiko kulikoandikwa kazi anazoruhusiwa, na anayeruhusiwa majiko haimaanishi anaruhusiwa boila. Atatazama bomba la moshi ndani na nje. Atasimama mbele ya mita ya gesi akiangalia simu. Hachati, anahesabu dakika apate kujua gesi inayoliwa. Ataiwasha boila kwa nguvu zote na kuingiza kamrija kwenye tundu la bomba la moshi, kifaa kimtolee tarakimu za kaboni monoksidi na kaboni dioksidi. Hapo ndipo penye uhai wenu, maana kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Kisha usafi, mtego wa maji ya mvuke, na presha ya maji, ambayo boila ikiwa baridi kwa kawaida hukaa kati ya bar 1 na 1.5. Jumla inaweza kufika saa nzima, au pungufu. Kuna boila ambazo kiwanda chenyewe kinaruhusu zisifunguliwe ndani ikiwa tarakimu za moshi ni nzuri, kwa hiyo usimtukane fundi kwa sababu hakuchafuka. Muulize tu tarakimu zilikuwa ngapi. Mwisho ataandika kwenye kurasa za kumbukumbu za sevisi, mara nyingi zilizo nyuma ya kitabu kilichokuja na boila yenyewe.

Basi shangazi, shikamoo tena. Ile karatasi usiitupe, ni haki yako na ina kazi yake. Ila ni ya ukaguzi. Ukipata nafasi muulize mwenye nyumba, kwa upole, sevisi ilifanywa lini, na kile kitabu cha boila kiko wapi. Akikuonyesha cheti kilekile, mrudishie swali.