"Gender" si jina lingine la wanawake

Jumanne na Alhamisi jioni nafundisha Kiingereza cha watu wazima katika chumba cha ghorofani, barabara ya Tom Mboya, Nairobi. Kuna wasusi, kuna kondakta, kuna walinzi wawili wanaotoka darasani wakaenda moja kwa moja zamu ya usiku. Tukigusa mada ya wanawake na nafasi zao, chumba hupata joto. Nikitega sikio vizuri, nasikia watu wakigombania neno moja ambalo kila mmoja amelipa maana yake. Haya ndiyo ninayoyasahihisha kila muhula.

Dhana: "Gender" ni mambo ya wanawake.

Hii ndiyo iliyoota mizizi kuliko zote. Mtaani mtu akisema "hiyo ni gender", anamaanisha kuna mwanamke amependelewa. Neno lenyewe ni jinsia tu, na mwanamume anayo kama mwanamke alivyo nayo.

Kifungu cha 27(8) cha Katiba ya Kenya ya 2010, kile tunachokiita kanuni ya theluthi mbili, kinataka chombo chochote cha kuchaguliwa au kuteuliwa kisiwe na zaidi ya theluthi mbili ya wanachama wa jinsia moja. Katika masharti hayo wanawake hawatajwi peke yao. Bodi ya umma ya watu 9 ikiwa na wanawake 7, kanuni imevunjwa, na waliopunjwa hapo ni wanaume. Nikiandika hesabu hiyo ubaoni, darasa hunyamaza kidogo. Tumezoea kuiona kuwa kanuni ya wanawake kwa sababu vyombo vyetu vingi vimejaa wanaume, Bunge likiwa mstari wa mbele. Septemba 2020, Jaji Mkuu wa wakati huo, David Maraga, alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya kuitekeleza kanuni hiyo. Halikuvunjwa.

Kosa la neno hili linaumiza watu. Mmoja wa walinzi wangu alitueleza kwamba alikuwa akipigwa nyumbani, akaenda kituo cha polisi, akaona kibao cha dawati la jinsia, akageuka akarudi zake. Alidhani ule ni mlango wa kina mama. Dawati la jinsia hupokea malalamiko ya mwanamume pia, na tangu siku ile silifundishi neno "gender" bila kulitaja hilo.

Dhana: Mwakilishi wa kike wa kaunti anawakilisha wanawake peke yao.

Kifungu cha 97 kinasema kutakuwa na wanawake 47 katika Bunge la Taifa, kila mmoja akichaguliwa na wapiga kura waliosajiliwa wa kaunti yake. Wapiga kura wote, kondakta wangu akiwemo, ambaye hadi mwaka jana aliamini karatasi ya kura ya kiti hicho alipewa kwa makosa. Sarufi ya Kiingereza inatosha kulieleza: "woman driver" ni dereva aliye mwanamke, wala si dereva wa kubeba wanawake. Neno la mbele linamtaja mwenye cheo. Wanaohudumiwa ni kaunti nzima.

Dhana: "Housewife" ni mtu asiye na kazi.

Wanafunzi wangu wa kike wakijaza fomu za mazoezi, kwenye nafasi ya kazi wengi huandika "none". Mmoja ana watoto wanne, anachota maji Mathare, na jioni hukaanga chapati kwenye kibanda cha shemeji yake. Ameandika hana kazi! Hapo huwa siwezi kuendelea na somo kama kawaida.

Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 haikubaliani na fomu ile. Inapotaja mchango wa mwanandoa, inahesabu usiokuwa wa pesa pia: kazi za nyumbani na usimamizi wa nyumba, kulea watoto, kuwa mwenzi, kusimamia biashara au mali ya familia, kazi ya shamba. Kwa hiyo nawafundisha "unpaid care work", yaani kazi ya malezi na matunzo isiyolipwa. Maneno hayo yanaanza kwa kukiri kwamba ni kazi.

Lakini kuna dhana ya upande wa pili ambayo nayo lazima niivunje: kwamba ndoa ikivunjika, kila mmoja anatoka na nusu. Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema usawa wa wanandoa uliomo katika Katiba hauleti mgawanyo wa nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila upande uoneshe mchango wake. Kwa hiyo, mama wa nyumbani, usiandike "none".

Dhana: "Midwife" lazima awe mwanamke.

La. Katika Kiingereza cha kale "mid" ni pamoja na, na "wif" ni mwanamke. Midwife ni yule anayekuwa pamoja na mama anayejifungua. Neno letu "mkunga" wala halikuwahi kuwa na tatizo hilo.

Dhana: Mwanamke akiongoza chama, Kiingereza chake ni "chairlady".

Nairobi nzima inasema hivyo, na simwambii mtu kwamba ni kosa la jinai. Ila "chairperson", au "chair" tu, kinatosha, na kinataja kazi kabla ya mwili. Mwenyekiti ni mwenye kiti, awe nani. Kiswahili hakitofautishi hata yeye na yeye, ndiyo maana tunachanganya "he" na "she" tukiongea haraka, na watu hutucheka bure.

Vyeo vya zamani vya kike ndivyo vyenye mtego. "Mayoress" kwa kawaida ni mke wa meya. Margaret Kenyatta aliyeongoza jiji hili kuanzia 1970 hadi 1976 alikuwa "mayor", kama Grace Onyango wa Kisumu tangu 1965. Mwanafunzi aliyemwita Margaret "mayoress" alitaka kumheshimu, kumbe amempokonya ofisi.

Dhana: Ukiolewa, sheria inakulazimisha kuwa "Mrs" na jina la mume.

Hakuna sheria ya Kenya inayokulazimisha. Ni desturi, na anayeipenda aifuate. "Ms" ipo kwa ambaye hataki ndoa yake isomwe kwenye bahasha, ameolewa au hajaolewa.

Hapa huwasimulia habari za Wangari Maathai. Mumewe alikuwa Mathai. Walipoachana, mume alimtaka aliache jina lake. Alikuwa tayari msomi mwenye shahada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyoipata 1971, na watu walikwisha kumjua kwa jina hilo. Akaongeza "a" moja, likawa Maathai, jina lake mwenyewe. Ndilo lililosomwa Oslo mwaka 2004 alipopewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Msusi mmoja wa kiti cha nyuma aliomba kalamu ya kufutika, akarudi kwenye fomu yake mwanzo kabisa, pale penye jina.