Gari la umeme na maji ya Bwaise

Mvua ikinyesha Kampala, hakosi mtu kwenye teksi wa kusema kwamba gari la umeme likikanyaga dimbwi, abiria wote hupigwa shoti. Maneno haya yalikuwepo tangu Chuo Kikuu cha Makerere walipoonyesha gari lao la umeme, Kiira EV, mwaka 2011. Hofu yenyewe naielewa: tumelelewa tukikatazwa kugusa swichi kwa mikono iliyolowa.

Lakini betri kubwa ya gari la umeme imefungwa ndani ya sanduku lisilopitisha maji, mara nyingi chini ya sakafu. Waya zake nene, za rangi ya machungwa, hazitumii bodi ya gari kurudishia umeme, tofauti na betri ndogo ya volti 12. Kompyuta ya gari hupima muda wote kama umeme unavuja, na hatari ikitokea huonya au huukata. Hata kuchaji mvuani si balaa, mradi chaja ni nzima: umeme haupiti mpaka plagi ikae sawasawa na gari liitambue chaja.

Tena, mafuriko ya Bwaise, mtaa wa bondeni hapa Kampala, yanaitesa zaidi injini ya mafuta. Ile huvuta hewa. Ikivuta maji, vyuma vya ndani hupinda. Mota ya umeme haipumui.

Sasa usiligeuze mtumbwi! Maji mengi huweza kulibeba gari lolote, na kina cha maji kinachoruhusiwa mara nyingi huandikwa kwenye kitabu chake. Likizama, usilichaji wala kuliegesha ubavuni mwa nyumba kabla fundi hajalikagua, kwani betri iliyoingia maji huweza kuwaka hata siku kadhaa baadaye.