Propela shafti nyepesi ya kipande kimoja: faida yake iko wapi hasa

Wenye Subaru Impreza za turbo, Altezza na Mark II wanaokuja gereji kuulizia propela shafti ya alumini, yaani lile bomba linalopeleka mzunguko kutoka giaboksi hadi difu (sanduku la gia la ekseli ya nyuma), karibu wote huanza na swali moja: gari litaongezeka nguvu kiasi gani? Jibu langu ni kwamba injini haiongezeki nguvu hata kidogo, na kwamba wepesi wa propela yenyewe, ambao ndio unaotangazwa kwa herufi kubwa na wauzaji, ni sehemu ndogo sana ya faida yake. Hata hivyo mimi ni miongoni mwa wanaoipenda kazi hii, kwa sababu propela nzuri ya kipande kimoja, iliyopimwa kwa gari husika na kusawazishwa ipasavyo, hubadilisha kabisa namna gari linavyoitikia mguu wa dereva. Nitaeleza kwa hesabu faida hiyo inatoka wapi, na hatari zake zinatoka wapi pia, ili anayetaka kutoa fedha yake ajue ananunua nini.

Propela ya kiwandani katika magari hayo huwa na vipande viwili vya bomba la chuma vilivyounganishwa katikati, huku senta beringi iliyozungukwa na raba ikivishikilia chini ya sakafu ya gari. Katika Altezza, na katika Mark II zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma, nguvu yote ya injini hupita humo. Katika Subaru magurudumu ya mbele huendeshwa kutoka ndani ya giaboksi, kwa hiyo propela hubeba fungu la nyuma tu, na ndiyo maana kwa wenye Subaru swali la uimara huwa jepesi kidogo kuliko kwa wenzao.

Tuchukue gari la mfano lenye uzito wa kilo 1,400, difu ya 3.9 (propela huzunguka mara 3.9 gurudumu likizunguka mara moja), na tairi ambazo kutoka katikati ya gurudumu hadi barabarani ni sentimita 31. Propela yake ya chuma ina kilo 10 na bomba lake lina kipenyo cha milimita 70. Kitu kinachozunguka hudai nguvu mara mbili wakati gari linapoongeza mwendo, mara ya kwanza kwa sababu kinasafiri pamoja na gari, na mara ya pili kwa sababu kinapaswa kuzungushwa kwa kasi zaidi. Ukichukulia kwamba uzito wote wa propela uko kwenye ukuta wa bomba, lile dai la pili ni sawa na kulibebesha gari kilo 2 tu za ziada. Sasa weka propela ya alumini yenye kilo 6. Bomba lake lazima liwe nene zaidi kwa kipenyo, tuseme milimita 90, kwa sababu alumini ni laini kuliko chuma. Uzito umepungua, lakini umesogea mbali na mhimili, na kwa kuwa umbali huo huhesabiwa kwa kipeo cha pili, dai la mzunguko linabaki kilo 2 ileile, tofauti ikiwa ni gramu chache. Kilichookolewa ni zile kilo 4 za uzito wa kawaida, yaani chini ya asilimia 0.3 ya gari zima, ambazo kwa gari linalofika kilomita 100 kwa saa katika sekunde 6 huleta nafuu isiyofika sehemu 2 za mia za sekunde moja.

Linganisha na flaiwili, lile gurudumu zito lililofungwa nyuma ya injini, ambayo watu wengi huichanganya na propela katika mazungumzo ya namna hii. Flaiwili iko kabla ya giaboksi, kwa hiyo uzito wake huzidishwa na gia na difu kwa pamoja. Flaiwili ya kilo 9 katika gia ya kwanza yenye uwiano wa 3.6 huwa mzigo wa zaidi ya kilo 200 kwa injini inayotaka kupanda mizunguko. Propela iko baada ya giaboksi, huzidishwa na difu peke yake, na mzigo wake haubadiliki uwe gia ya kwanza au ya tano. Hata magurudumu yanaishinda mbali, kwani rimu na tairi nne zenye kilo 20 kila moja hudai kwa mzunguko wake karibu kilo 50 za ziada. Kwa hiyo anayetafuta wepesi pekee, aanze na flaiwili na rimu.

Basi kwa nini dereva akitoka na propela mpya husema gari limekuwa jepesi? Kwa maoni yangu anachokihisi ni kuondoka kwa ulegevu. Pandisha juu gari lililokwisha kutembea miaka kumi na tano, shika propela kwa mikono miwili karibu na senta beringi na uisukume juu na chini: raba iliyochoka itaiacha ining'inie, na wakati mwingine utaona nyufa zimezunguka raba yote. Kisha izungushe kidogo kulia na kushoto huku difu imetulia, utasikia mlio mdogo wa chuma kugonga chuma ndani ya krosi, kile kiungo cha umbo la msalaba kinachoiruhusu propela kuzunguka ikiwa na pembe. Ulegevu huo wa krosi, wa senta beringi na wa meno ya uma (kichwa chenye mikono miwili ya kushika krosi) unaoingia giaboksi hujumlishana. Dereva akiachia mafuta na kukanyaga tena, sehemu hizo zote lazima kwanza zijazwe upande mmoja kabla gurudumu halijasogea, na ule mshindo unaosikika chini ya kiti ndio mwisho wa safari hiyo. Propela ya kipande kimoja inafuta krosi moja na senta beringi pamoja na raba yake, na krosi zinazobaki ni mpya. Mafuta yanajibiwa papo hapo, hasa katikati ya kona, pale dereva anapocheza na mguu wa kulia kwa vipimo vidogo. Hiyo ni faida ya kweli, nami naithamini kuliko sehemu yoyote ya sekunde.

Sehemu kubwa ya faida hiyo, lakini, ingepatikana pia kwa kuifanyia ukarabati kamili propela ya chuma. Kikwazo ni kwamba propela nyingi za Kijapani za aina hii hutoka kiwandani zikiwa na krosi zilizogongewa ukingo wa chuma ili zisitoke, pasipo klipu za kuzitoa na kuzirudisha. Mafundi wetu huusaga ukingo huo, huweka krosi mpya na kuichomelea kwa nukta. Kazi hiyo yaweza kufaa gari la kwenda kazini, ila krosi ikikaa nje ya mhimili kwa sehemu ya milimita tu, mtetemo haukwepeki, na katika gari la mwendo mkubwa mimi siikubali. Hapo ndipo kununua propela mpya kunapoingia akilini: wakati ile ya zamani imekwisha na inadai kubadilishwa kwa vyovyote.

Sasa nije kwenye jambo ninalotaka lisomwe kwa makini kuliko yote. Kiwanda hakikuweka vipande viwili kwa ajili ya kubana matumizi; propela ya vipande viwili ina sehemu nyingi zaidi. Kiliweka kwa sababu ya kasi ya hatari. Kila bomba refu linalozunguka lina kasi ambayo likiifikia huanza kupinda katikati na kuyumba kama kamba ya kuruka, na kupinda huko huongeza nguvu ya kupinda zaidi, mpaka bomba linajikunja au krosi inapasuka. Kasi hiyo hutegemea urefu kwa ukali mno: ukipunguza urefu kwa nusu, inapanda mara 4. Hutegemea pia kipenyo cha bomba na uwiano kati ya ukakamavu wa madini na uzito wake. Hapo wengi hudhani alumini ina nafuu, kumbe haina. Chuma ni kizito karibu mara 3 ya alumini, na ni kikakamavu karibu mara 3 vilevile, kwa hiyo bomba la chuma na la alumini lenye urefu na kipenyo kilekile yana kasi ya hatari moja.

Turudi kwenye gari letu. Propela moja ya chuma yenye milimita 70 na urefu wa mita 1.5 kati ya krosi na krosi ingefikia kasi ya hatari karibu na mizunguko 5,200 kwa dakika. Katika gari hilo, mwendo wa kilomita 100 kwa saa huizungusha propela mara 3,340 hivi kwa dakika, kwa maana hiyo hatari ingekuja kabla ya kilomita 160 kwa saa. Bomba la alumini la milimita 90 hulisogeza jambo hilo hadi mizunguko 6,700, ambayo ni kama kilomita 200 kwa saa. Hiyo ni hesabu ya karatasini, inayodhani kwamba beringi za pande zote mbili hazinyumbuki kabisa, na katika gari halisi zinanyumbuka. Mimi huchukua robo tatu tu ya namba hiyo kuwa kikomo, maana yake kilomita 150 kwa saa kwa mfano huu. Asiyejua urefu wa propela yake, kipenyo cha bomba analouziwa na uwiano wa difu yake hajafikia hatua ya kununua, na muuzaji asiyeweza kumtajia kikomo cha mizunguko hastahili fedha yake.

Nyuzi za kaboni ndizo zinazotatua tatizo hili kwa asili yake, kwa kuwa uwiano wake wa ukakamavu na uzito ni mkubwa kuliko wa madini hayo yote mawili. Nissan 350Z ilitoka kiwandani na propela ya namna hiyo. BMW nao waliiweka kwenye M3 na M4 za mwaka 2014, kisha wakarudi kwenye chuma baada ya sheria za moshi za Ulaya kulazimisha chujio kwenye ekzosi, lililohitaji nafasi ileile iliyokuwa ikichukuliwa na bomba pana la kaboni. Kaboni haipendi joto la ekzosi lililo karibu mno, kwani gundi inayozishika nyuzi hulegea, na pale inapokutana na kichwa cha alumini kwenye ncha ya bomba lazima kuwe na tabaka la kutenganisha, la sivyo alumini italiwa na kutu yake nyeupe. Kwa wakazi wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, ambako upepo wenyewe una chumvi, hilo si jambo la kupuuza.

Pembe za krosi zinahitaji uangalifu wa namna yake. Krosi inayofanya kazi kwa pembe haipeleki mzunguko kwa usawa; huharakisha na kuchelewesha mara mbili katika kila mzunguko. Krosi ya pili huondoa kasoro hiyo endapo tu pembe zake zinalingana na za kwanza na uma za ncha mbili za bomba zimepangwa kwenye mstari mmoja. Ukiondoa kiungo cha kati, mstari wa propela unabadilika, na pembe za mbele na nyuma hubadilika nao. Pima kwa kipima pembe gari likiwa limesimama kwa uzito wake, si likiwa limening'inia kwenye lifti. Pembe zisizidi digrii 3, zitofautiane kwa chini ya digrii 1, na zisiwe sifuri, kwa sababu vijiti vidogo vya beringi ndani ya krosi visipotembea hutoboa mashimo mahali palepale. Raba za giaboksi na za difu zikiwa zimechoka, badilisha kwanza, kwani pembe uliyoipima leo haitakuwepo gari likikanyagwa.

Kuhusu balansi, gramu 5 tu zilizozidi upande mmoja wa bomba la milimita 90, kwa mizunguko 6,000, huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 9, mara 100 kila sekunde. Ndiyo sababu propela husawazishwa ikiwa nzima, pamoja na krosi na flenji zake (sahani za kufungia bolti), na ndiyo sababu nazikataa propela za kukata na kuunga kwa mchomelea wa mtaani hata awe hodari vipi. Alumini ina tatizo la ziada, kwamba mahali palipochomelewa hupoteza karibu nusu ya nguvu yake ikiwa haikurudishiwa matibabu ya joto.

Kwa gari linalokanyagwa kwelikweli, funga na pete ya chuma inayoizunguka propela karibu na krosi ya mbele. Krosi ya mbele ikikatika gari likiwa mwendoni, bomba linaanguka na kuchoma lami, na gari linaweza kuinuliwa nalo. NHRA, wanaosimamia mbio za drag huko Marekani, wanaidai pete hiyo kwa magari yenye kasi, na sioni sababu ya anayekimbia kwenye uwanja wetu kuikosa.

Anayepita barabara za changarawe kila siku namshauri abaki na chuma. Jiwe linaloacha alama ndogo kwenye bomba la chuma linaweza kulibonyeza la alumini, na bomba lililobonyea limepoteza balansi na uimara kwa pamoja, halinyooshwi, linatupwa.

Ukishafunga, kaza bolti za flenji kwa kipimo cha mtengenezaji, uzikague tena baada ya kilomita mia chache. Mtetemo ukijitokeza, uangalie kwanza unafuata nini. Ukija kwa mwendo uleule wa barabara katika gia zote, na ukabaki hata gia ikiwa huru, injini haihusiki. Programu ya simu inayopima mtetemo itasaidia kutenganisha yaliyobaki: katika gari letu la mfano, kwa kilomita 100 kwa saa, tairi hutetema mara 14 kwa sekunde, propela isiyo na balansi mara 56, na pembe mbaya za krosi mara 111.