Senti kongwe za Marekani: usiishie kusoma mwaka

Ujumbe unaotufikia mara nyingi sisi tunaotunza sarafu huwa na picha moja iliyopigwa kwenye mwanga hafifu, na swali moja: "Senti hii ya Marekani ya 1798 ina thamani gani?" Kwa picha hiyo, hatuwezi kujibu. Senti za shaba za mwaka huo zilipigwa kwa mihuri mingi tofauti, na wakusanyaji wamezigawa katika aina zaidi ya 40. Aina moja huokotwa kila mnada, nyingine hutafutwa kwa miaka. Mwaka ulioandikwa kwenye sarafu ni mlango tu wa nyumba yenye vyumba vingi.

Tunazungumzia zile senti kubwa zilizopigwa Philadelphia kuanzia 1793 hadi 1857. Ni shaba tupu, pana, nzito mkononi. Za mwanzo zilipangiwa uzito wa gramu 13.48, mwishoni mwa 1795 uzito ukashushwa hadi gramu 10.89 kwa sababu shaba ilikuwa imepanda bei. Hakuna hata moja yenye mwaka 1815, kwa hiyo ukiuziwa ya mwaka huo, jua unauziwa kazi ya fundi mjanja.

Kwa nini aina ziwe nyingi hivyo? Jibu limo katika mikono ya mafundi. Sarafu hupigwa kati ya mihuri miwili ya chuma cha pua: mmoja wa uso, mmoja wa nyuma. Siku hizi mashine hutoa mihuri inayofanana kama mapacha. Enzi zile fundi alikita kwenye muhuri kichwa cha Bibi Uhuru, yule mwanamke anayewakilisha uhuru, kwa kipande cha chuma kigumu chenye umbo lake, kisha akagonga herufi moja moja, tarakimu moja moja, akamalizia majani na matunda madogo ya shada. Tena alifanya yote hayo kinyume, kama maandishi yanavyoonekana kwenye kioo, ili sarafu ikitoka isomeke sawa. Mkono wa binadamu haurudii kitu vilevile mara mbili. Herufi moja itainama, nyingine itapanda juu kidogo, tarakimu ya mwisho itagusa kifua cha yule bibi.

Na mara nyingine mkono uliteleza kabisa. Mwaka 1793, kwenye muhuri wa kwanza wa nyuma wenye mnyororo wa pete 15, jina la nchi liliishia AMERI na nukta. Mwaka 1796 herufi B ya neno LIBERTY (uhuru) iligongwa vibaya, ikarekebishwa juu kwa juu, neno likabaki kama LIHERTY. Ninaoupenda kuliko yote ni muhuri mmoja wa nyuma wa 1801. Herufi U iligongwa juu chini kisha ikasahihishwa, hivyo UNITED inasomeka IINITED. Shada limekosa kikonyo kimoja. Na sehemu ya mia ya dola, 1/100, imeandikwa 1/000. Makosa matatu kwenye muhuri mmoja, na bado ukapelekwa kazini! Chuma kizuri kilikuwa ghali, na kutengeneza muhuri mpya kulikula siku za fundi.

Sasa, jinsi ya kutazama. Chukua lenzi ndogo na taa ya kuwekwa ubavuni, si juu ya sarafu. Anza na uso: tarakimu zimeachana kiasi gani, ya kwanza iko wapi ukilinganisha na nywele, ya mwisho iko karibu kiasi gani na kifua? Kisha neno LIBERTY: herufi zipi zimesogeleana, ipi imesimama juu ya wimbi gani la nywele? Geuza. Hesabu matunda ya shada, kushoto peke yake na kulia peke yake. Tazama ncha ya jani la juu inaelekea herufi gani, na kama inaelekea katikati yake au ukingoni. Mwisho angalia ile 1/100 na utepe uliofunga shada.

Uzuri wa njia hii ni kwamba haihitaji sarafu safi. Senti iliyolika hadi uso wa bibi ukawa kivuli bado inaweza kutambulika, mradi zimebaki alama mbili tatu za kupimana.

Jambo linalowachanganya wengi ni nyufa. Kanuni yake ni nyepesi: kilichoinuka juu ya sarafu kimetoka kwenye muhuri, kilichozama kimeipata sarafu ikiwa mtaani. Muhuri ukipasuka, shaba hujaa ndani ya ufa, na kwenye sarafu ufa huo huonekana kama uzi ulioinuka. Mkwaruzo wa kisu au msumari huwa mtaro. Ufa hukua jinsi muhuri unavyofanya kazi, kwa hiyo ukipanga senti kadhaa za aina moja unaweza kujua ipi ilitangulia. Ukiona majani ya shada yamejichora hafifu karibu na kidevu cha bibi, mihuri iligongana siku moja bila shaba katikati, kila mmoja ukamwachia mwenzake alama.

Aina yenyewe ni ndoa ya mihuri miwili. Wa uso ukivunjika, wa nyuma haukukaa eda: uliunganishwa na mwingine siku hiyo hiyo. Ndiyo maana muhuri mmoja wa nyuma unaweza kuonekana katika aina kadhaa, na ndiyo maana kutambua upande mmoja hakutoshi. William Sheldon, mwanasaikolojia aliyechapisha orodha yake mwaka 1949, alizipa ndoa hizo za 1793 hadi 1814 namba kuanzia S-1 hadi S-295. Zilizofuata zinafuata namba za Newcomb, mtunzi mwingine wa orodha, na hapo kazi ni ngumu zaidi, kwani kufikia miaka ya 1840 karibu kila kitu kilitoka kwenye muhuri mama mmoja uliozaa mihuri mingine, na mwaka pekee ndio uliogongwa kwa mkono.

Maarifa haya si ya kujifurahisha tu. Senti ya 1799 ni adimu, na matapeli wamezoea kuchukua ya 1798 wakaigeuza ile 8 kuwa 9. Tarakimu inaweza kuchongwa upya. Mpangilio wa herufi nyingine zote hauchongeki. Aina halisi za 1799 zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na sarafu isiyofanana na yoyote kati yake imejishtaki yenyewe.

Sheldon mwenyewe aliumbuliwa na jicho la namna hii. Baada ya kifo chake mwaka 1977 ilibainika kuwa alikuwa amebadilisha senti nzuri za American Numismatic Society, chama cha Marekani cha elimu ya sarafu, zilizotolewa na mkusanyaji George Clapp, na kuweka duni za aina ileile. Namba za aina zilikuwa sahihi, ila makovu ya kila sarafu hayakulingana na picha za zamani.

Kwa hiyo ukitutumia picha, tuma pande mbili, mwanga ukitoka ubavuni, pamoja na uzito kwa gramu. Na tafadhali usiisugue kwa ndimu na majivu kama sinia la shaba. Ule weusi uliojikusanya kwa miaka 200 ukiondoka, hakuna anayeweza kuurudisha.