Penthesilea alikuwa na matiti mawili

Ujumbe unaozungushwa magrupuni unadai kwamba Penthesilea, malkia wa Amazoni (wanawake wapiganaji) katika hekaya za Ugiriki, na wenzake walikata titi la kulia ili wavute upinde vizuri, eti sanamu za kale ni ushahidi. Sivyo. Wasanii wa Ugiriki waliwaonyesha wakiwa na matiti mawili.

Kinachochanganya ni vazi. Sanamu kadhaa za Amazoni aliyejeruhiwa, nakala za Kirumi za kazi za karne ya 5 KK, zina titi moja wazi na jingine limefunikwa. Ukitazama mikunjo ya kitambaa, umbo la titi lililofunikwa lipo. Waandishi wa kale nao walikieneza kisa cha kukata titi. (Wanawake wanaolenga shabaha kwa upinde leo hawakati chochote.)

Fungua picha za makumbusho mtandaoni, uzikuze, ujionee. Ujumbe wenyewe, tafadhali, usiusambaze.